Mchumba wangu humcheka Sheldon, nami najiona ndani yake

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 31, ninaishi Dar es Salaam na ninafanya kazi katika maabara ya hospitali. Nimechumbiwa, mahari imekwisha kupokelewa na vikao vya harusi vimeanza. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na kila kikao kinapopita ninaona nafasi ya kulisema inazidi kuwa finyu.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iitwayo The Big Bang Theory. Kwa wasioijua, ni hadithi ya marafiki wanasayansi wanaoishi Pasadena, California. Mmoja wao, Sheldon Cooper, ni mwanafizikia mwenye akili nyingi ambaye mambo ya kawaida ya kuishi na watu humpiga chenga. Ana sehemu yake kwenye kochi ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuikalia, hugonga mlango wa jirani yake Penny mara tatu na kila anapogonga huita jina lake, hatambui kejeli mpaka aambiwe kwamba ile ilikuwa kejeli, na ratiba yake ikibadilishwa bila taarifa siku yake yote huharibika.

Mchumba wangu anaipenda sana tamthilia hiyo na ndiye aliyeniletea misimu yote kwenye flashi ili tuitazame pamoja. Katika kipindi cha kwanza kabisa Sheldon anamweleza Penny kwa nini sehemu ile ya kochi ni yake: wakati wa baridi iko karibu na kipasha joto lakini si karibu mno hata atoke jasho, wakati wa joto inapitiwa na upepo wa madirisha yaliyofunguliwa, nayo inaielekea televisheni kwa pembe isiyomlazimisha kuzungumza na watu wala kumharibia picha. Mchumba wangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikifuata hoja na niliona ni hoja nzuri. Ninayo sehemu kama hiyo kwenye chumba cha chai kazini, ukutani, mbali na mlango, mahali ambapo feni hainipigi usoni na hakuna anayepita nyuma yangu. Mtu akiikalia, mimi hunywa chai nimesimama.

Baadaye tulifika kwenye kipindi cha Krismasi cha msimu wa pili. Penny anamwambia Sheldon kwamba amemnunulia zawadi, naye, badala ya kufurahi, anafadhaika, kwa kuwa anaona ametwishwa deni. Basi anakwenda dukani kununua vikapu vya sabuni na manukato vya ukubwa mbalimbali, ili akishaijua thamani ya zawadi ya Penny achague kikapu kinacholingana nayo na vingine avirudishe. Mama, mimi ninalo daftari ambamo nimeandika kila mchango niliopewa na kila mchango niliotoa tangu nianze kazi, na sijawahi kumrudishia mtu pungufu wala zaidi. Katika kipindi hicho Penny anampa leso ya mezani iliyotiwa saini na Leonard Nimoy, mwigizaji anayemhusudu kuliko wote, na Sheldon anatoa vikapu vyote, anaona bado havitoshi, kisha anamkumbatia, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi kabisa. Nilitokwa na machozi pale, na mchumba wangu alidhani nimechoka.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu usonji, yaani autism, hali ya namna ubongo unavyofanya kazi, na kila ninaposoma ninakutana na utoto wangu. Lebo za nguo ziliniwasha hadi mama akawa anazikata zote. Nilijifunza sentensi za kusalimia wageni kama mtu anayekariri shairi, na mpaka leo kabla ya kupiga simu huandika kwanza nitakachosema. Tulipokwenda kujitambulisha ukweni nilitabasamu na kuzungumza vizuri sana, kila mtu akanisifu, nami niliporudi nyumbani nikalala gizani siku nzima ya pili yake nisiweze hata kujibu ujumbe. Nilijaza dodoso moja la kwenye intaneti na alama zangu zilikuwa za juu.

Kinachonikwaza ni kwamba ninampenda Sheldon na ninamwonea haya kwa wakati mmoja. Mimi si mtu wa vipaji vya ajabu na simdharau mtu. Lakini siku moja, tukiwa katikati ya kipindi, mchumba wangu alisema kwa kicheko, "Mtu kama huyu nani angeweza kuishi naye?" Sikujibu, ila sentensi ile haijanitoka. Yeye ni mtu mwema. Hupiga simu kabla ya kuja kwa sababu anajua sipendi kushtukizwa, na tukienda kula huchagua meza iliyo mbali na spika bila mimi kumwambia. Ninaogopa kwamba nikimweleza ninachokishuku, kuanzia siku hiyo hataniona mimi, atamwona Sheldon, na akimweleza mama yake itakuwa habari ya ukoo mzima kwamba bi harusi ni mgonjwa. Nikinyamaza ninaona ninamficha mtu jambo analostahili kulijua. Na mbele yangu kuna kicheni pati na sendofu, zenye spika, mshereheshaji na watu mia tatu wanaonitazama, na ninapozifikiria tumbo linanikata.

Je, ni haki aoe bila kujua kwamba anamwoa Sheldon?

Asiyecheka, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako polepole, na kwanza nataka nikueleze nilivyoielewa ili kama nimekosea uniambie. Umejitambua kupitia mhusika wa kubuniwa, na kutambua huko kumekupa faraja kubwa na haya kubwa kwa pamoja. Kutokana na hapo umeanza kushuku kwamba una usonji. Mtu unayemtegemea kuwa mwenzi wa maisha ndiye aliyekuletea mhusika huyo na ndiye anayemcheka, na sasa unaona kwamba yote matatu, yaani kufanana na Sheldon, kuwa na usonji na kumweleza mchumba wako, ni jambo moja linalotakiwa kusemwa kwa pumzi moja kabla ya harusi. Mimi ninayaona kuwa mambo matatu, na ninadhani sehemu ya uzito unaoubeba inatokana na kuyafunga pamoja.

Nianze na Sheldon mwenyewe, kwa sababu si jambo la kitoto hata kidogo. Watu wazima wengi wenye usonji, hasa Marekani na Uingereza, wameeleza kwamba mara ya kwanza kujiona ilikuwa mbele ya televisheni, katika mhusika ambaye waandishi wake hawakulitaja jina la hali hiyo. The Big Bang Theory ilianza kuonyeshwa tarehe 24 Septemba 2007 na kumalizika tarehe 16 Mei 2019 baada ya vipindi 279, na katika muda wote huo Sheldon hakuwahi kutajwa kuwa na usonji. Bill Prady, aliyeibuni pamoja na Chuck Lorre, amesema kwamba hawakumwandika kwa nia hiyo, na Sheldon mwenyewe hujibu kwamba yeye si mwendawazimu, mama yake alimpeleka akapimwa. Kwa upande mwingine Jim Parsons, aliyemwigiza na kushinda tuzo nne za Emmy kwa uhusika huo, amewahi kusema kwamba sifa nyingi za hali hiyo anaziona ndani ya Sheldon. Kwa hiyo hukuona kisichokuwapo. Uliona kitu ambacho wabunifu walikiweka mezani na kukataa kukipa jina.

Ila kukataa huko kuna gharama, na nadhani ndiyo inayokuumiza. Mhusika asiye na jina la hali yake anaweza kuchekwa bila mtu kuona kwamba anacheka watu halisi. Tamthilia ile ilirekodiwa studio huko Burbank mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, na kicheko chao kinakuja hasa Sheldon anapofanya yale mambo uliyoyataja: anapoeleza kiti chake, anapogonga mara tatu, anapokosa kuelewa kejeli. Kicheko hicho kinamfundisha mtazamaji mahali pa kucheka kabla hajapata nafasi ya kuamua mwenyewe. Ndiyo maana wenye usonji wamegawanyika juu yake. Wako wanaompenda kwa dhati, kwa kuwa ana kazi anayoiheshimu, marafiki wasiomwacha na hatimaye mke, na wako wanaoona kwamba tabia zao zimefanywa kiburudisho. Wewe unaonekana kuwa katika makundi yote mawili, na sioni kwa nini utakiwe kuchagua.

Kuna mhusika mwingine ambaye ningependa umjue. Katika tamthilia ya Community, iliyoanza mwaka 2009 na kuwekwa katika chuo kimoja cha kubuniwa huko Colorado, yumo kijana aitwaye Abed Nadir, mtoto wa baba Mpalestina na mama mwenye asili ya Poland, ambaye huuelewa ulimwengu kwa njia ya filamu na televisheni. Tamthilia hiyo haina kicheko cha watazamaji, hivyo Abed akisema jambo kwa namna yake linabaki kuwa neno lililosemwa na mtu, na wewe unayetazama ndiye unayeamua kama linachekesha. Mbunifu wake, Dan Harmon, alisimulia mwaka 2011 kwamba alipokuwa akisoma kuhusu usonji ili amwandike Abed vizuri, alianza kuziona dalili hizo ndani yake mwenyewe. Basi hata aliyeishika kalamu alijitambua kama ulivyojitambua wewe.

Sasa nirudi kwenye vikapu vya zawadi, kwa maana hapo umeandika jambo zito kuliko unavyodhani. Katika Pasadena, mtu anayepima zawadi ili arudishe kitu cha thamani ileile ni kichekesho, kwa kuwa desturi ya pale inataka zawadi ionekane kama haina hesabu, hata kama kila mtu anaihesabu moyoni. Hapa kwetu, mwanangu, daftari lako la michango ni jambo la heshima. Kila kamati ya harusi ina mhazini anayeandika jina na kiasi, na familia nyingi huhifadhi orodha hizo kwa miaka ili siku ya mtu ikifika asije akarudishiwa pungufu. Kitu kilekile kinamfanya Sheldon kuwa kituko na kinakufanya wewe kuwa mtu anayejua kutunza wenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa macho. Kutomtazama mtu usoni huandikwa miongoni mwa dalili za usonji katika vitabu vya Marekani, ilhali binti wa hapa anayeinamisha macho mbele ya wakubwa, asiyesema mpaka asemeshwe na anayesalimia kwa maneno yaleyale kila siku, husifiwa kwa adabu. Inawezekana kabisa kwamba ulipita utoto wote bila mtu kuuliza chochote, kwa sababu malezi yetu yalikupa mahali pa kujistiri. Inawezekana pia kwamba baadhi ya unayoyahesabu leo kuwa dalili ni malezi tu. Siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo, ila ninakuomba usiyapime maisha yako yote kwa desturi za mji ambao hujawahi kuishi.

Lakini lebo za nguo, kelele zinazoumiza, sentensi zinazoandikwa kabla ya kupiga simu na siku nzima gizani baada ya kwenda ukweni si adabu wala desturi. Hayo ni mambo ya mwili na nguvu, na ninayachukua kwa uzito. Wanawake wengi wenye usonji hugunduliwa wakiwa watu wazima, kwa sababu hujifunza mapema kuigiza utulivu wa wenzao, na wanaifanya kazi hiyo vizuri hata hakuna anayeona kwamba ni kazi. Sifa ulizopewa ukweni ulizilipia siku ya pili. Hilo ningependa mtu mmoja angalau alijue, hata kama jina la usonji halitatajwa kamwe.

Kuhusu upimaji, wewe ni mtu wa maabara na najua ungependa sampuli, kipimo na jibu. Usonji hauna kipimo cha damu. Daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa tiba hukaa na wewe, huuliza jinsi unavyoishi sasa na jinsi ulivyokuwa mtoto, na mara nyingi huomba kuzungumza na mzazi au mtu aliyekulea. Ukisoma maandiko ya zamani utakutana na jina la Asperger, lililotumika kwa hali iliyo karibu na usonji. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliunganisha hali hiyo na usonji kuwa kundi moja pana, kwa hiyo jina lisikuchanganye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji, kwa hiyo ukumbi wa watu mia tatu unaouogopa huenda una mwingine au wawili wanaotamani spika zizimwe. Dodoso ulilolijaza lina kazi yake: lile linalotumika zaidi, la maswali 50, lilitungwa na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2001. Hata hivyo madodoso ya namna hiyo humwonyesha mtu kwamba inafaa aende kupimwa, na jibu lenyewe hubaki kwa mtaalamu.

Faida ya kupimwa ni kwamba utaacha kujiuliza, na kama jibu ni ndiyo utakuwa na maneno ya kuombea unachohitaji nyumbani na kazini. Hatari zake nazo ni za kweli. Wataalamu wetu ni wachache na wengi wao wamezoea watoto, kwa hiyo unaweza kukutana na mtu atakayekuambia kwamba aliyesoma na kuajiriwa hawezi kuwa na usonji. Unafanya kazi hospitalini na utataka kufikiri kama upimwe mahali unapojulikana. Na ukipata jina la hali hiyo katikati ya vikao vya harusi, huenda usipate utulivu wa kulipokea. Hakuna sheria inayosema kwamba lazima ujue kabla ya ndoa. Wengine wanataka kujua kwanza, wengine wanasubiri mwaka wa kwanza wa ndoa upite, na wengine wanatosheka kujijua bila karatasi. Jiulize karatasi ile ungeitumia kwa nini, na mkononi mwa nani ingefikia.

Sasa tuje kwa mchumba wako. Umemshitaki kwa sentensi moja, "Mtu kama huyu nani angeweza kuishi naye?", na ninaelewa kwa nini haikutoki. Lakini ndani ya barua hiyohiyo, kwa haraka, kana kwamba ni mambo madogo, umeandika kwamba hupiga simu kabla ya kuja na huchagua meza iliyo mbali na spika bila kuambiwa. Mtu huyo amekwisha kuanza kuishi na wewe ulivyo. Ameyaona mahitaji yako na kuyatimiza bila kuyaita ugonjwa. Sisemi kwamba hilo linaifuta ile sentensi. Yawezekana alikuwa akimsema mhusika wa televisheni kama tunavyowasema wote, na yawezekana kwamba ndivyo anavyoamini, na kwamba ukarimu wake wa sasa ni wa uchumba. Mimi sijui, na nadhani wewe pia hujui bado, kwa sababu hukumuuliza. Unaweza kumuuliza bila kujitaja: "Siku ile ulisema nani angeishi na Sheldon. Unadhani Amy anaona nini kwake?" Amy Farrah Fowler, kama unavyojua kutoka kwenye misimu ya baadaye, anamfahamu Sheldon kwa ukaribu kuliko wote na anaolewa naye mwishoni mwa msimu wa kumi na moja. Jibu la mchumba wako kwa swali hilo litakueleza mengi, na hata namna atakavyonyamaza kabla ya kujibu.

Ukiamua kumweleza, nina shaka moja kuhusu kutumia jina la Sheldon, na nitakwambia waziwazi. Jina hilo kwako ni nguo ya kuazima. Limekusitiri kwa siku ya kwanza, lakini mabega si yako. Sheldon huwadharau marafiki zake, hujisifu na huwaamuru, na mambo hayo si usonji, ni tabia aliyoandikiwa. Ukisema "mimi ni Sheldon", mchumba wako atayapokea yote kwa pamoja, na atashindwa kujua ni lipi unalokiri na ni lipi unalolikana. Hata ile picha ya mwanamume mwenye kipaji cha fizikia inaweza kumfanya akuambie "wewe si hivyo kabisa" na kuyafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Mwaka 2020 ilitoka tamthilia nyingine ya vichekesho, Everything's Gonna Be Okay, ambamo msichana aitwaye Matilda anatajwa waziwazi kuwa na usonji na anaigizwa na Kayla Cromer, ambaye mwenyewe ana usonji. Ukimtazama utaona jinsi alivyo mbali na Sheldon.

Pamoja na hayo, tamthilia inaweza kukusaidia kwa namna nyingine. Mapema kabisa katika Community, baba yake Abed anataka kijana wake arithi mgahawa wa familia na hataki kumlipia somo la filamu. Abed hawezi kumweleza kwa maneno kilicho moyoni mwake, hivyo anatengeneza filamu fupi kuhusu jinsi mama yake alivyoondoka nyumbani, na baba akiitazama anatokwa na machozi na kukubali kulipia, kwa kuwa ameona kwamba hiyo ndiyo njia ambayo mwanawe anaweza kueleweka. Wewe unacho kipindi cha Krismasi. Ungeweza kukiweka tena, ukakisimamisha pale Sheldon anapobeba vikapu, ukamwambia mchumba wako kwamba siku ile hukuwa umechoka, kisha ukamweleza ulikuwa ukilia kwa nini. Hapo hujasema kwamba wewe ni Sheldon. Umesema kwamba kuna kitu watu wanakicheka ambacho wewe unakielewa kwa ndani, na umempa nafasi ya kuuliza.

Njia nyingine ni kueleza mahitaji bila kulitaja jina lolote: kelele nyingi huniumiza kimwili, nikikaa na watu wengi ninahitaji siku ya kupumzika, mabadiliko ya ghafla hunivuruga, kwa hiyo nikinyamaza usidhani nimekukasirikia. Maneno hayo ni ya kweli iwe una usonji au la, na hakuna mtaalamu anayepaswa kuyathibitisha. Udhaifu wake ni kwamba mwenzako anaweza kuyachukua kama mapendeleo ya kawaida na kuyasahau wiki ya harusi. Jina la hali lina nguvu ya kumfanya mtu achukulie jambo kwa uzito, na lina hatari uliyoitaja mwenyewe, ya kusafiri hadi kwa mama mkwe na kurudi likiwa limebadilika kuwa ugonjwa, au hata kuwa jambo la kuombewa. Kabla ya kulitaja, una haki ya kumwomba ahadi kwamba litabaki kati yenu wawili mpaka wewe uamue vinginevyo. Umeshawahi kumwambia siri nyingine? Aliifanyia nini? Hilo unalijua wewe tu, na ni ushahidi ulio karibu zaidi kuliko vipindi vyote 279.

Na kunyamaza? Sitakuambia kwamba kunyamaza ni udanganyifu. Huna jibu la daktari unalolificha. Unacho unachokishuku, na mtu haruhusiwi kulazimishwa kukiri shaka. Lakini fikiria maana ya kuigiza utulivu ndani ya nyumba yako mwenyewe, mahali ambapo sasa ndipo unapolala gizani na kupata nguvu. Mke hana mlango wa kufunga kwa siku nzima bila kuulizwa kulikoni. Asipojua sababu, mume anaweza kuona giza lile ni chuki, na mtaalamu wa sosholojia Damian Milton, Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kunatoka pande zote mbili: wasio nao nao hushindwa kuwasoma wenzao. Ninalitaja kwa sababu barua yako yote inauliza kama wewe utaweza kueleweka, na haiulizi hata mara moja kama yeye anajua kukusoma. Zile simu na zile meza zinadokeza kwamba anajaribu.

Yuko mtu mwingine ambaye umemtaja kwa sentensi moja tu, mama yako, aliyekata lebo zote. Hujasema kama ni mtu wa kuambiwa mambo haya, nami sitaki kukusukuma kwake. Lakini mtoto akilalamika kuhusu lebo, wazazi wengi humwambia azoee, na yeye alichukua mkasi. Siku ukiamua kupimwa, huenda yeye ndiye atakayeulizwa, na huenda ana kumbukumbu ambazo wewe huna.

Kuhusu kicheni pati na sendofu, hapo unaweza kuanza bila kumaliza hayo mengine. Sherehe ni yako, na mambo mengi yanaweza kupangwa bila maelezo marefu: idadi ya wageni wa kicheni pati ipunguzwe, kiti chako kiwekwe upande wa pili wa ukumbi, mbali na spika, pawe na chumba cha kuingia kila baada ya muda kwa kisingizio cha kubadili nguo au kurekebisha mapambo, na mpambe wako awe mtu mmoja unayemwamini ambaye ukimgusa mkono anajua kwamba unataka kutoka. Juma la baada ya harusi lisipangiwe ziara. Wapo watakaosema bi harusi anaringa, na huenda mama mkwe akawa mmoja wao; hilo nalo ulipime mapema, pamoja na mchumba wako. Mshereheshaji aombwe akuandikie ratiba kamili, pamoja na nyakati ambazo utaitwa mbele na jambo utakalotakiwa kufanya, na aahidi kutokuita nje ya hizo. Ombi hilo unaweza kulipeleka kwenye kikao kijacho bila kutaja usonji wala Sheldon, na utakuwa na muda wa kutosha kumtazama mchumba wako anavyolipokea mbele ya watu.